Jicho la Pili: Haki na Ulinganifu katika Kusahihisha Mitihani ya Kitaifa

(Mhadhara uliotolewa mjini Busia mbele ya walimu, wazazi na wakazi wa mpakani)

       

 Nimefundisha Kiswahili katika shule za Teso na Bukhayo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kalamu nyekundu naijua. Yale ambayo kiapo cha watahini hakiruhusu yasemwe hadharani sitayasema. Nitakayosema yanajulikana, ila ni nadra kukusanywa pamoja na kuwekwa mbele ya wazazi.

Tukitaja mitihani ya kitaifa hapa kwetu, neno linalotangulia mdomoni ni wizi: karatasi kuvuja, simu kuingizwa chumbani, makontena ya mitihani kulindwa na polisi. Hayo yamezungumzwa sana, na ni haki yazungumzwe. Leo nataka tufuate karatasi baada ya mtahiniwa kuiweka chini. Imefungwa kwenye bahasha, imesafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa hadi Nairobi, imefika mezani pa mtu asiyemjua mtoto aliyeiandika. Je, mtu huyo ataipa alama ileile ambayo angeipa mwenzake wa meza ya pili? Ataipa alama ileile saa kumi na moja jioni kama aliyoipa saa mbili asubuhi? Na mtoto wa mwaka huu atapimwa kwa kipimo kilekile alichopimiwa kaka yake?

Dai langu ni hili: alama ya haki haitokani na wema wa msahihishaji mmoja. Hutokana na jicho la pili linaloitazama kazi yake kabla alama haijawa ya kudumu. Jicho hilo kwa miaka mingi tumeliachia Nairobi. Sasa ni lazima tulijenge hapa, na nitaeleza kwa nini.

Hoja ya kwanza: watu wawili waaminifu, alama mbili

Wazazi wengi hudhani alama zikitofautiana, basi kuna aliyefanya hila. Sivyo. Mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth alichapisha utafiti kuhusu mitihani ya Uingereza. Kipande kimoja cha nathari ya Kilatini kilisahihishwa na watahini 28, kila mmoja peke yake. Alama walizotoa zilianzia 45 zikafika 100. Kipande ni kimoja, watahini ni wajuzi, na hapakuwa na hongo wala udugu.

Naona walimu wa hisabati wanatabasamu. Wanasema, hayo ni ya walimu wa lugha, kwetu jibu ni jibu. Basi mnisikilize. Mwaka 1912 na 1913 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwapelekea walimu wengi nakala za karatasi ileile wazisahihishe. Walianza na Kiingereza, alama zikatawanyika. Wakaambiwa maneno hayohayo, kwamba hesabu haziwezi kuwa hivyo. Wakapeleka karatasi ya jometri. Alama zikatawanyika zaidi kuliko za Kiingereza: wapo walioipa chini ya 30 kwa 100, wapo walioipa zaidi ya 90. Mmoja alitazama jibu la mwisho tu, mwingine alitazama njia, wa tatu aliondoa alama kwa uchafu wa mwandiko na mchoro uliopinda.

Tuje nyumbani. Swali la kubadilisha fedha kwa viwango vya kununua na kuuza ni la kawaida katika hisabati ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Kidato cha Nne. Sasa mchukueni mtoto aliyekulia kando ya wale wabadilishaji fedha wanaosimama na vitita vya noti hapo mpakani. Jumamosi humsaidia mama kuuza nyanya, anapokea shilingi za Uganda na kurudisha chenji ya Kenya bila kushika kikokotoo. Akipewa swali hilo, hugawanya kichwani na kuandika jibu. Jibu ni sahihi, hatua hazipo. Mwongozo wa kusahihisha hisabati unagawa alama: hii ya njia, hii ya jibu. Na karatasi yenyewe inamwamuru mtahiniwa aonyeshe hatua zote. Mtahini mmoja atasema, jibu sahihi halianguki kutoka mbinguni, huyu anajua. Mwingine atasema, hajaonyesha njia, huenda amechungulia. Wote wawili wana hoja. Lakini mtoto hawezi kuwa na alama mbili, na ni lazima uamuzi uwe mmoja kwa watoto wote wa Kenya, wawe wa Malaba au wa Mandera. (Nanyi wanafunzi mlioketi kule nyuma, andikeni hatua. Hilo msiliweke mikononi mwa mtahini.)

Sasa insha, mahali ninapopafahamu zaidi. Nimetunga sentensi hizi mwenyewe, kwa namna ambayo mtoto wa Kidato cha Nne wa Malaba angeweza kuziandika:

"Maroli yalikuwa yamepanga mstari kutoka mpakani hadi karibu na Kocholia. Mama alinikataza kuvuka barabara lakini mwenye njaa hana miiko, nikavuka. Tereva mmoja wa Tanzania akanipa chapati mbili, akaniuliza niko kidato cha ngapi. Nilipomjibu aliangalia chini, akasema yeye aliachia la saba."

Karatasi ya insha ya KCSE ina insha mbili, kila moja alama 20, na insha huwekwa kwanza katika kiwango, A, B, C au D, kabla ya kupewa alama. Mtahini wa kwanza anasoma na kuona uhai. Methali imekaa mahali pake, mambo yanafuatana, na yule dereva anayeangalia chini ni mtu kamili aliyechorwa kwa sentensi moja. Anaiweka B. Mtahini wa pili anaona "tereva", anazungushia duara. Anaona "maroli", anazungushia la pili. Macho yake yakishazoea kutafuta makosa hayataona tena kitu kingine, anaiweka C. Baina ya alama 9 na alama 13 kwa insha moja, gredi ya Kiswahili inaweza kupanda au kushuka, na gredi ya wastani nayo ikafuata.

Tena hili la "tereva" lina uzito wake hapa kwetu. Watoto wengi wa Kiluhya huchanganya t na d, p na b, kwa sababu lugha ya nyumbani haikuzitenganisha kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto wa Kiteso ana vikwazo vyake, wa Pwani ana vyake. Kosa la tahajia ni kosa, sitaki lisamehewe. Ninachodai ni kwamba liadhibiwe kwa kadiri moja. Miongozo ya Kiswahili kwa muda mrefu imekuwa na utaratibu mzuri: kosa huhesabiwa linapotokea mara ya kwanza, na katika karatasi ya lugha nusu alama za sarufi zina kikomo, zisije zikammaliza mtoto aliyejibu swali. Mtahini akisahau utaratibu huo kwa sababu ya uchovu, anayeumia zaidi ni mtoto ambaye kosa lake moja la matamshi hujirudia katika kila aya.

Hoja ya pili: zana zipo, lakini zinachoshwa

Baraza la Kitaifa la Mitihani, yaani KNEC, halisahihishi kwa kubahatisha. Watahini ni walimu waliofunzwa kazi hiyo. Kabla ya karatasi halisi kufunguliwa, hukaa pamoja wakaujadili mwongozo swali kwa swali, wakasahihisha karatasi za majaribio, wakalinganisha alama, wakabishana mpaka wakakubaliana. Kisha hugawanywa katika makundi, kila kundi lina kiongozi wake, na kiongozi hurudia kusahihisha baadhi ya karatasi za kila mtahini ili aone kama ameanza kulegea au kukaza. Juu yao yuko mtahini mkuu. Tena katika miaka ya karibuni karatasi hupitishwa kutoka mkono hadi mkono: huyu husahihisha swali lake moja au machache, huyu lake. Naliunga mkono hilo. Mtoto hamilikiwi tena na mtahini mmoja mwenye huruma au mwenye hasira, na anayesahihisha swali moja siku nzima hulijua mpaka pembe zake. Na tangu 2024 karatasi za KCSE huchapishwa zikiwa na taarifa za mtahiniwa mwenyewe, kwa utaratibu wa kulificha jina ili msahihishaji asilione.

Huo ni mfumo mzuri. Unaoubomoa ni haraka na ujira. Watahini hulipwa kwa kuhesabu karatasi, na malalamiko yao kuhusu kiwango cha malipo, malazi na wingi wa kazi yamesikika mwaka baada ya mwaka, yakipazwa na vyama vya walimu, KUPPET kikiwa mbele. Mtu anayelipwa kwa idadi umempa sababu ya kukimbia. Mtu anayelala vibaya mabwenini Desemba, mbali na nyumbani kwake, atasoma insha ya mia mbili kwa macho mengine kabisa. Sisemi watahini ni wazembe. Wengi nawajua, ni walimu wenye dhamira kubwa. Nasema taifa linalotaka alama za haki linapaswa kulipia usingizi wa mtahini.

Zamani matokeo ya KCSE yalitoka Februari au Machi. Ya mwaka 2015 yalitangazwa Machi 2016. Ya mwaka 2016 yalitangazwa Desemba hiyohiyo, na ya 2017 kabla ya Krismasi. Waziri wa Elimu alisifiwa kwa kasi, na kweli kasi ilipunguza nafasi ya watu kuchezea matokeo. Lakini haraka ile iliwaachia walimu wengi swali ambalo halikujibiwa kwa ushahidi uliowekwa wazi: je, viongozi wa makundi walipata muda wa kurudia karatasi walizopaswa kurudia? Mzazi hahitaji kuambiwa kwamba kazi ilikwenda vizuri. Anahitaji kuambiwa ni karatasi ngapi zilirudiwa, na alama zilitofautiana kwa kiasi gani. Takwimu hizo zikichapishwa kila mwaka, nusu ya uvumi utakufa.

Hoja ya tatu: kipimo cha mwaka huu na cha mwaka jana

Hapa sitakaa sana, ila jambo lenyewe ni zito. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi A ya wastani katika KCSE. Mwaka 2016 walikuwa 141. Mwaka 2017, 142, na waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa kama 70,000 kati ya watahiniwa zaidi ya 610,000. Sehemu ya anguko hilo ni dawa chungu: wizi ulizibwa, na ulikuwa umekithiri. Sehemu nyingine ilileta mjadala mkali kuhusu namna alama zilivyogeuzwa kuwa gredi. Kwa mtoto wa Budalang'i ambaye hakuwahi kuiona karatasi iliyovuja, swali lilikuwa jepesi: mbona C yangu ya mwaka huu ni ngumu kuliko C ya jirani yangu ya mwaka juzi, na waajiri wanatusoma sawa?

Wenzetu wa Tanzania walipita njia hiyo mbele yetu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalitoka mwanzoni mwa 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei serikali ikatangaza Bungeni kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga alama uliotumika mwaka huo ulikuwa tofauti na wa miaka iliyotangulia. Karatasi hazikubadilika, wala majibu hayakubadilika. Kilichobadilika ni mstari wa kukatia.

Na mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, Uingereza ilitumia hesabu za kompyuta kusawazisha gredi zilizokadiriwa na walimu. Karibu asilimia 40 ya gredi za walimu zikashushwa, na walioumia sana walikuwa vijana wenye bidii katika shule ambazo historia yake ya matokeo ilikuwa duni. Vijana waliandamana, na baada ya siku chache serikali ikarudisha gredi za walimu. Mnaofundisha katika shule ndogo za kutwa huku Teso Kaskazini, likumbukeni hilo mtu akija kuwaambia kwamba mtoto wenu atapimwa kwa rekodi ya shule yenu.

Hoja ya nne: mpakani tunaishi na vipimo viwili

Kuna wakati ambapo daraja la Malaba halikutenganisha mitihani. Enzi za ukoloni na miaka michache baada ya uhuru, vijana wa pande zote mbili walifanya mtihani wa Cambridge, na majibu yao yalisahihishwa Uingereza. Kisha Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki likashika kazi, na kijana wa Tororo na wa Amukura wakakalia karatasi moja. Tanzania ilijitoa 1971. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. KNEC ikaundwa 1980, na Uganda ikatunga sheria ya baraza lake, UNEB, mwaka 1983.

Tangu hapo sisi wa mpakani tumekuwa tukitafsiri alama. Watoto wa Kenya wanasoma Uganda na wa Uganda wanasoma Kenya; zipo familia ambazo mmoja ana cheti cha KCSE na ndugu yake ana vyeti vya sekondari vya Uganda, UCE na UACE. Huko ng'ambo, kwa miaka mingi, mtoto wa shule ya msingi akifurahia jumla ya 4 katika PLE, ambako namba ndogo ndiyo bora, huku kwetu wa KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, akitafuta 400 kwa 500. Cheti cha Uganda kikija huku lazima kipitie KNEC kilinganishwe na cha Kenya, na wazazi mnaojua urefu wa safari hiyo mpo humu ukumbini. Siombi mtihani mmoja urudi leo. Naomba mabaraza haya mawili yachapishe, kwa lugha ambayo mama muuza nguo anaielewa, jedwali moja la ulinganisho na sababu zake, libandikwe katika kila ofisi ya elimu ya Busia na Malaba. Tangu Februari 2018 tuna kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kinachomhudumia dereva wa lori mara moja badala ya mara mbili. Cheti cha mtoto kinastahili huduma hiyo pia.

Hoja ya tano: usahihishaji umehamia kwetu

Hii ndiyo hoja iliyonileta hapa.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Katika mtaala mpya wa umilisi, mtoto anayemaliza Gredi ya 9 hawekewi alama ya mtihani wa siku chache peke yake. Asilimia 60 hutoka katika tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, yaani KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6. Na asilimia 20 iliyobaki hutoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, ambazo KNEC hutoa maswali na miongozo, kisha mwalimu wa darasa huzisimamia, huzisahihisha na kuziingiza alama katika mtandao wa Baraza. Uganda nayo, katika UCE ya mtaala mpya iliyofanywa kwanza 2024, huhesabu asilimia 20 kutoka kazi za shuleni.

Mwalimu wangu wa sekondari msingi, umesikia? Wewe uliye Angurai, uliye Nambale, uliye Port Victoria, sasa ni mtahini wa taifa. Hukupelekwa Nairobi, hukukaa katika kikao cha kulinganisha alama, huna kiongozi wa kundi anayerudia karatasi zako. Mara nyingi uko peke yako katika somo, na wakati mwingine somo lenyewe si lile ulilosomea chuoni. Mbele yako wamekaa watoto ambao baadhi yao ni wa jirani yako, wa mwalimu mwenzako, wa mjumbe wa bodi. Nyuma yako yuko mkuu wa shule anayetaka shule isionekane ya mwisho.

Katika hali hiyo walimu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaojaza alama za juu kwa kila mtoto, wakisema, wengine wanafanya hivyo, mbona mimi niwaumize wangu? Wapo wanaokaza, wakiamini kwamba ukali ndio heshima ya kazi. Watoto wa mwalimu wa pili ndio watakaokosa nafasi katika shule ya sekondari pevu waliyoichagua, kwa sababu ya unyoofu wa mwalimu wao. Katika soko la Busia mnunuzi wa mahindi huikagua gorogoro kwanza, kwa sababu anajua iliyobonyezwa kitako hupunja. Alama za shuleni nazo zinahitaji kukaguliwa namna hiyo, na kuzikagua hakumtukani mwalimu.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo ambayo hayahitaji kungoja bajeti ya Nairobi.

Kila baada ya tathmini ya shuleni, walimu wa somo moja katika kila kaunti ndogo wakutane kwa siku moja. Kila shule ilete karatasi chache: za juu, za kati, za chini. Majina yafunikwe. Mwalimu wa Kolanya asahihishe za Amagoro, wa Amagoro asahihishe za Kolanya, bila kuona alama ya kwanza. Kisha zifunuliwe. Alama zikikaribiana, mwende nyumbani. Zikipishana sana, msiulizane nani ana makosa. Ulizaneni mwongozo uliusomaje. Mkikubaliana, karatasi hiyo itunzwe iwe kielelezo: hivi ndivyo inavyoonekana kazi iliyokidhi matarajio, hivi ndivyo inavyoonekana iliyoyazidi. Baada ya miaka michache kaunti ndogo itakuwa na hazina ya vielelezo, na mwalimu mpya aliyetumwa jana na TSC, tume inayoajiri walimu, atapata pa kuanzia.

Wakurugenzi wa elimu nao walinganishe alama za shuleni na zile za KJSEA, shule kwa shule. Shule ambayo watoto wote wana viwango vya juu shuleni na viwango vya chini katika tathmini ya kitaifa iende ikaulizwe kwa upole. Vilevile ile ambayo hali yake ni kinyume chake, kwa maana huko kuna watoto walionyimwa haki yao na mwalimu mkali, na hakuna anayewapigania.

Na kwa kuwa ng'ambo ya daraja wenzetu wana mzigo uleule wa asilimia 20, sioni kinachowazuia walimu wa hisabati na sayansi wa Malaba zote mbili kubadilishana karatasi za mfano mara moja kwa muhula. Wageni wetu mliovuka leo kutoka Uganda, lichukueni ombi hili mwende nalo.

Hoja ya sita: mtoto aione karatasi yake

Novemba 2023 matokeo ya KCPE ya mwisho, ya watoto zaidi ya milioni 1.4, yalitangazwa. Siku hizohizo wazazi walianza kulalamika kwamba ujumbe wa simu uliwaletea alama zisizoeleweka, na KNEC ikakiri kwamba mfumo wa kutuma ujumbe ulikuwa na hitilafu, ikaomba radhi na kuwaelekeza wakuu wa shule katika tovuti yake. Kwa maelezo ya Baraza, kosa lilikuwa la kusafirisha alama, si la kusahihisha. Lakini wazazi hawakuwa na njia ya kujua tofauti hiyo, kwa sababu karatasi hawaioni.

Shule inaweza kuuliza, na inaweza kuomba karatasi itazamwe upya kwa ada na kwa muda uliowekwa. Jibu linalorudi mara nyingi ni mstari mmoja: alama ni ileile. Ibara ya 35 ya Katiba yetu inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Ibara ya 47 inampa haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale unapomdhuru. Gredi inayofunga mlango wa chuo kikuu ni uamuzi wa aina gani kama si huo? Nchini India, yenye watahiniwa wengi kuliko sisi sote wa Afrika Mashariki tukikusanywa, Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2011 kwamba mtahiniwa ana haki ya kuiona karatasi yake iliyosahihishwa. Watahini wa India hawakukimbia kazi.

Sidai kila karatasi irudishwe kijijini. Nadai kwamba mtahiniwa anayeomba, kwa ada ambayo mtoto wa mvuvi wa Sio Port anaweza kuilipa, apewe nakala ya karatasi yake na mwongozo uliotumika. Jina la mtahini lifichwe, alindwe. Alama zionekane.

Mwenyekiti, muda umeniishia. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa 2027, na mwaka 2028 kundi la kwanza la sekondari pevu litafika mwisho wa safari yake. Kwa hiyo sheria na taratibu za kusahihisha zinaandikwa upya sasa, wakati huu tulio humu ndani. Anayetaka kusikika aseme mapema. Nawaomba wakuu wa shule za Teso Kaskazini na Matayos waanze kikao cha kwanza cha kubadilishana karatasi muhula huu, kabla alama za Gredi ya 8 hazijaingizwa mtandaoni. Nawaomba wazazi mwandike barua kwa wabunge wenu kuhusu haki ya kuiona karatasi. Na walimu wa Kiswahili tutakaobaki hapa mchana, nimekuja na nakala za insha nne zisizo na majina. Tuzisahihishe pamoja kabla hatujaagana.